Jina Lililoandikwa Juu ya Jalada

Karani wa masijala ya halmashauri aliitwa Binti Kofia, na jina hilo alilibeba kwa madaha, maana marehemu baba yake, Mzee Kofia, alikuwa na zahanati. Si kwamba aliimiliki, la! Ilibeba jina lake tu, herufi za buluu juu ya mlango. Baba alifariki binti akiwa hajaanza hata kutembea, hakuacha picha, hakuacha shamba, kaacha kibao. Wakitoka sokoni, mama alikuwa akimpitisha pale makusudi na kumwambia, "Mwamkie baba." Mtoto anainua uso, "Shikamoo, baba," bila haya, wagonjwa kwenye foleni wakimtazama.

Masijala ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja la juu. Saa nane mchana mwanga uliingia ukatua juu ya majalada, vumbi likaelea humo polepole, na mtu akikaa peke yake alianza kusahau ni mwaka gani. Kwa miaka thelathini na mmoja Binti Kofia alifungua majalada humo kwa utaratibu aliourithi kwa makarani waliomtangulia. Juu unaandika jambo, chini yake unaandika jina la aliyeileta barua. Si mwenye barua, mleta barua. Ukimuuliza kwa nini, alikujibu kwamba barua inaweza kusema lolote, lakini aliyeileta umemwona kwa macho yako.

Basi mwenyekiti wa halmashauri akamwita. "Shule, maktaba, zahanati, kila penye jina la mtu, tunataka tujue alikuwa nani na ukoo wake uko wapi. Tutaandika ukutani. Jina lisilo na maelezo, tunalifuta."

Jamani, kazi tamu hiyo! Alimtafuta Bibi Ushanga wa shule ya msingi, akampata mjukuu wake, fundi cherehani, pini zimejaa mdomoni. "Bibi hakujua kusoma hata saa," mjukuu alisema. "Watoto walimpigia kelele dirishani, akatoa kiwanja wakapige kelele mbali." Akamtafuta Mwalimu Kikohozi wa maktaba. Kitukuu wake, fundi baiskeli, alimkabidhi kitabu alichoazima mwalimu bila kukirudisha, kimefungwa kwenye gazeti, akamwomba akirudishe kimyakimya, maana ukoo mzima ulikuwa ukikionea aibu.

Ikafika mahali akipita shuleni jioni anamwona Bibi Ushanga kakaa kibarazani, ushanga shingoni, na maktabani anasikia mtu akikohoa nyuma ya rafu. Hakuogopa. Aliwapungia mkono akaendelea na safari yake, nao, we acha tu, wakampungia.

Jalada la baba aliliweka mwisho, kama mtoto anayebakiza kipande cha nyama pembeni ya sahani. Alilifungua siku moja kabla ya kikao. Ndani mlikuwa na barua moja. Akina mama wa mtaa wanaomba zahanati kwa sababu wanajifungulia njiani. Chini yake alama za dole gumba za wino wa zambarau, akazihesabu arobaini na moja. Kiwanja kilitoka halmashauri. Mzee Kofia hakutajwa popote. Alikuwa juu ya jalada tu, chini ya neno zahanati.

Basi baba alikuwa mleta barua tu. Mtu mwingine yeyote angeliona jina lile akaridhika, kama alivyoridhika mchora vibao wa zamani aliyepewa jalada akanakili alichokiona. Yeye ndiye peke yake aliyejua maana yake. Akinyamaza, nani atamuumbua? Akisema, baba anafutwa.

Alimkuta mama yake mlangoni akichambua mchele.

"Mama, baba alitoa nini kwenye ile zahanati?"

"Alitoa miguu."

"Mama!"

"Alikuwa tarishi wa kiwandani, mwanangu. Tulishawatuma wawili kabla yake, wakafukuzwa kwenye geti la halmashauri. Yeye alikaa pale siku tatu, kofia kichwani, mpaka wakachoka kumwona. Barua ikapokelewa." Mama akatupa kijiwe. "Dole la mwisho, lile lililopinda, ni langu. Nilikuwa na mimba yako, hata kuinama siwezi."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ulikuwa unakiamkia kile kibao kwa furaha. Ningeanzia wapi?"

Binti Kofia alilia. Alimwonea uchungu baba yake, akajionea haya mwenyewe, akamkasirikia mama, kisha akasogea akaanza kumsaidia kuchambua. Asubuhi aliandika barua, yote kama yalivyokuwa, akaipeleka kwa mwenyekiti kwa mkono wake.

Mwenyekiti aliisoma mara mbili. "Ni baba yako huyu. Una hakika?"

"Zahanati ni ya akina mama," alisema.

Wiki ya pili mchora vibao alipanda ngazi. Mama na binti walisimama chini wakiangalia brashi ikipita juu ya herufi za buluu. Ilipofika kwenye Kofia, binti akainua uso. "Shikamoo, baba," alisema kwa sauti, na foleni nzima ikageuka. Mama yake alikuwa akisoma taratibu, kwa kidole hewani, herufi mpya zilizokuwa zikitokea: Zahanati ya Akina Mama Arobaini na Mmoja.

Alasiri alirudi masijala kufungua jalada jipya, kama utaratibu unavyotaka. Juu akaandika zahanati na jina lake jipya. Chini, kwenye mleta barua, kalamu ikasimama. Kisha akaandika: Binti Kofia.

Akalitazama, akacheka mpaka mpika chai akachungulia kuuliza kulikoni.

"Hamna kitu," alisema huku akijifuta macho, akalipanga jalada rafuni, kando ya lile la baba yake.