Ami Anadhani Ni Mguu Wake Uliomuua Mkewe

Assalaam alaykum. Admin, nifichie jina, Pemba ni ndogo na wengi hapa tunajuana. Nina miaka thelathini na tisa, nina mke na watoto watatu, ni fundi wa magari Wete. Baba alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na ami yangu, kaka yake baba. Mkewe nilikuwa nikimwita mama, na mama kweli alikuwa.

Ami ana gari ya zamani, ile ya kuingilia mashambani, anabebea karafuu. Siku moja kabla ya mvua kuanza aliniletea. "Mwanangu, nikiachia mafuta injini haishuki, inabaki inanguruma tu. Hebu nitazamie."

Nikazima injini, nikabonyeza pedeli kwa mkono. Ilishuka vizuri lakini ikarudi kwa uvivu. Nikachomoa waya kwenye kabureta nikauvuta, ukateleza bila kukwama. Nikajua ni springi ya kurudishia mafuta ukiachia pedeli, imechoka. Mpya sikuwa nayo. Nikaikata ile ile ikawa fupi, nikaikunja kichwa kwa koleo, nikairudisha. Pedeli ikawa inaruka juu. Moyoni nikasema nitaagiza mpya Unguja. Ami nikamwambia, "Tayari, kaitumie." Sikumwambia kuwa ni ya muda tu. Alipita gereji mara mbili baada ya hapo, tukasalimiana, tukacheka, na wala sikukumbuka kuagiza.

Wiki ya tatu, asubuhi, wakitoka shamba na mama, gari iliwashinda kwenye mteremko wenye utelezi. Ikaingia mtaroni, ikapiga mkarafuu upande aliokaa mama. Hakufika hospitali.

Gari ilivutwa ikaletwa kwangu. Nilipofungua boneti nikakuta springi inaning'inia, pale nilipokunja pamekatika, na kabureta imebaki wazi, injini ilikuwa ikivuta mafuta yenyewe. Nikakaa chini. Kisha nikaichomoa nikaitia mfukoni, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Watoto wa ami wanasema mzee kazeeka, kakanyaga mafuta akidhani breki. Wamemnyang'anya ufunguo, na wanasema mbele yake kama vile hasikii.

Baada ya hitima ya arubaini nilikwenda kwake alasiri nimeshajiandaa kusema. Kabla sijafungua mdomo akanishika mkono.

"Mwanangu, nisamehe. Nimekuondolea mama yako."

"Usiseme hivyo, ami."

"Mimi naukumbuka mguu wangu, ulikuwa juu ya breki. Nilikanyaga mpaka goti likauma. Lakini ndugu zako wanasema sivyo, na mimi sasa sijiamini. Labda kweli ni mimi."

Akalia. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona ami akilia. Na mimi, jamani, nikamwambia, "Ni mipango ya Mungu," nikaondoka. 

Mke wangu ndiye pekee anayejua. Ananiambia, "Ukisema, mama harudi. Utawapoteza ndugu zako wote, na nani tena atakuletea gari yake? Watoto tutawalisha nini?" Simlaumu, anawaogopea watoto. Lakini kila nikienda namkuta ami kakonda zaidi. Msikitini haendi, anasali chumbani, anasema anaona aibu kusimama safu moja na watu. Chai anaiacha ikapoa. Juzi kaniuliza eti mtu aliyeua bila kukusudia anatakiwa afunge miezi miwili mfululizo, je, mwili wake huu utaweza? Swali lile lilikuwa langu.

Sasa mwanawe mkubwa anamhamishia Unguja, akakae naye. Ami hataki, lakini kasema hana tena haki ya kukataa kitu.

Nikisema, naogopa watoto wake hawataniangalia tena usoni, na pengine yeye mwenyewe hatataka kuniona. Nikinyamaza, atakwenda na mzigo wangu mpaka kaburini. Nyinyi mnaonisoma, mngekuwa mimi mngefanya nini? Nishaurini upesi, kwani boti wanayopanda ni ya Jumamosi.