Mgonjwa Hapangi Foleni

Mume wangu Ambokile alikuwa dereva wa serikali maisha yake yote ya kazi, na kuna jambo moja kuhusu madereva wa Dodoma ambalo wake zao tunalijua vizuri: ni watu wa kusubiri. Bosi anaingia kikaoni asubuhi, dereva yuko garini. Kikao kinavuka mchana, dereva yuko garini. Na bosi akisinzia siti ya nyuma, hata kama gari limeshafika mlangoni kwake, dereva hamwamshi. Habamizi mlango, hagusi honi. Anakaa hapo hapo mpaka mkubwa afumbue macho mwenyewe. Ambokile alikuwa akijisifia hilo. "Bosi aliyelala haamshwi," husema, utadhani ni amri ya kumi na moja.

Sasa mapafu yake yamechoka. Hospitalini walitaja jina refu la ugonjwa, mimi nikashika neno moja tu: pumzi haimtoshi. Lazima avute hewa ya mashine, mrija puani, mchana na usiku. Mashine nayo inataka umeme. Na mimi nina shamba la alizeti Mlali, nimeachiwa na mama yangu, na shamba lile ukilitelekeza msimu mmoja majirani wanaanza kusogeza mipaka. Nimwache Dodoma na nani? Au alizeti niwaachie ndege?

Yeye ndiye aliyepata akili ya Kosta. Ilikuwa basi dogo kuukuu alilolinunua alipostaafu. Akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko, friji ndogo, feni, sola juu ya paa, na betri mbili kubwa chini ya kitanda. Mtaani walicheka wakashika mbavu. "Mnyakyusa kaamua kuishi kama konokono!" Akawajibu kwamba konokono hagombani na mwenye nyumba.

Basi msimu wa kuvuna tukawa tunahamia Mlali na nyumba yetu. Raha? Raha ya nani! Mchana nakata alizeti, usiku nalinda betri. Zikiisha, mashine inazima, na mashine ikizima mume wangu hana pumzi. Nitajuaje zimebaki kiasi gani? Betri si ndoo, useme utachungulia. Nilikuwa nalala sikio moja wazi, nikihisi muungurumo umebadilika nakurupuka kuwasha injini ijaze chaji. Nilichoka. Nasema nilichoka mpaka nikawa nasahau sufuria motoni, nawajibu watu salamu ambazo hawajanipa. Kuna siku nilikaa chini katikati ya shamba nikalia, na hakuna aliyekuwa amenikosea.

Binti yetu Violeth aliniona nilivyo, akanunua kipima betri. Kioo kidogo, kinaandika asilimia: mia, tisini, hamsini. "Mama, utakuwa unatazama tu," akasema. "Kikisoma vizuri, unalala." Neno hilo la mwisho ndilo nililolisikia.

Wa kukifunga alikuwa Uwesu, Mrangi wa Kondoa, fundi umeme wa malori pale Kibaigwa. Tulimkuta karibu na soko la mahindi, kichwa kiko ndani ya boneti ya fuso. "Shikamoo mzee, shikamoo mama," akatoka anafuta mikono. Aliisoma karatasi ya kile kifaa mbele na nyuma, kisha akanionyesha kipande cha chuma kinene kilichokuja nacho.

"Mama, hiki ni kama mizani ya barabarani. Nyaya nyeusi zote zipite hapa kabla ya kufika kwenye betri. Kinachopita kinahesabiwa."

Akafanya kazi kwa utulivu. Waya wa friji ukapita mizani. Wa taa, wa feni, wa sola, zote zikapita. Alipofika kwenye waya wa mashine ya oksijeni akasita. Akamtazama Ambokile na mrija wake. Halafu akachukua waya mnene kuliko yote aliyokuwa nayo, akaufunga moja kwa moja kwenye betri.

"Ya mzee nimeipa njia yake mwenyewe," akaniambia kwa sauti ya chini. "Kile chuma kikilegea siku moja, vingine vizime, yeye aendelee. Mgonjwa hapangi foleni."

Jamani, nilimpenda yule kijana. Nani kwetu hapa angesema vinginevyo? Hata zahanati, mtu akiletwa anahema, foleni yote inampisha. Nilimshukuru, nikamwombea kwa Mungu, na Ambokile akamshika mkono asiuachie upesi. Wote watatu tuliona ni heshima. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mizani itamhesabu vipi mtu asiyepita mizanini.

Mlali, kioo kilikuwa kinanifurahisha. Tisini na tano, tisini na mbili, tisini na nne. Hakishuki! Sola zinaingia zinahesabiwa, mashine inanyonya haihesabiwi, na mimi nashangilia. Wiki ya pili likaja wingu, likatanda milimani likagoma kuondoka. Nikatazama kioo: tisini na moja. Nikala ugali wangu wa mchana, yeye akausukumasukuma wake kama kawaida yake, akisema mlenda wetu Wagogo unateleza kabla hujauruhusu. Nikapanda kitandani nikamwambia najinyoosha kidogo tu.

Nililala. Mama yangu wee, nililala! Tangu augue sikuwa nimelala usingizi wa namna ile.

Niliamshwa na ukimya. Mashine haikuwa inaunguruma. Ambokile alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, viwiko juu ya magoti, mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka. Midomo yake imekuwa ya kijivu. Kioo, kisichokula umeme mwingi kama mashine, bado kinasema tisini na moja.

Sijui nilifikaje kwenye usukani. Injini, yenye betri yake mbele, ikawaka, mashine ikapiga mlio, ikaanza kuunguruma. Nikamrudishia mrija, nikamshikilia mpaka rangi ikaanza kurudi midomoni. Kisha nikakumbuka: ile mashine umeme ukikatika hupiga kelele, mtu hawezi kuilalia.

"Haikulia?" nikamuuliza.

"Ililia." Akavuta pumzi. "Nikaizima."

"Kwa nini hukuniamsha?"

"Ulikuwa umelala."

"Ambokile, ulikuwa unakufa!"

"Bosi akilala..." akaanza.

Nilimfokea. Nilimtukana, Mungu anisamehe, kwa Kigogo ambacho miaka yote hii hajajifunza. "Mimi ni bosi wako? Mimi?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani wewe ulidhani ni nani?"

Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya gari na hasira na hofu, sijui ipi ilizidi.

Uwesu alikuja kesho yake kwa bodaboda kutoka Kibaigwa. Aliinua godoro, akauona waya wake mnene, akakaa chini mikono kichwani. "Mama, nusura nimuue mzee."

"Hajafa. Inuka," nikamwambia. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali tangu usiku, lakini alipokaa vile yakaniishia. Alichotaka yeye ndicho nilichotaka mimi.

Ambokile akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe wiki mbili hizi mimi ni mzigo wa magendo! Napita porini, mizani hainioni!"

Waya ukahamishwa. Uwesu akachaji betri mpaka zikajaa, akakipanga kioo upya. Mchana kikaanza kusema kweli: themanini, sabini na tisa, sabini na nane. Kushuka kule kulinitisha, lakini angalau nilikuwa naona.

"Bado kitu kimoja," nikamwambia Uwesu. "Hapa ubavuni kwa kitanda, mkono wake unapofika, niwekee kitufe cha honi. Ile honi kubwa ya gari."

Akakiweka. Waya wake nao akaupitisha mizanini, bila kuulizwa. Alipoondoka nikapanda kitandani, nikafumba macho, nikamwambia Ambokile abonyeze.

"Mashine inafanya kazi, Anjelina. Lala."

"Bonyeza."

"Umeshafumba macho. Nikuamshe kwa lipi?"

"Silali mpaka nisikie. Nina usingizi, baba Violeth. Nimechoka sana. Usinicheleweshe."

Nilisikia dole gumba lake likigusa kitufe, likiachia, likigusa tena. Mtu aliyeendesha wakubwa maisha yake yote, na hajawahi kumpigia honi hata mmoja.

Halafu akabonyeza. Kuku wa jirani wakaruka, mbwa wakabweka, mtu huko alizetini akapaza sauti kuuliza kuna nini. Akaendelea kubonyeza mpaka nilipomshika mkono.

Ndipo nikalala.