Maneno Ndani ya Koti

Mama alikuwa fundi cherehani, na kitu alichotaka kisimtoroke alikishona. Ndiyo maana dada yangu alipopiga simu kutoka ng'ambo kusema ni mjamzito na hana wa kumsaidia, mama alijifunza Kiingereza kwa sindano.

Mwalimu nilikuwa mimi, binti mdogo niliyebaki nyumbani. Kila jioni, wateja wakishaondoka, nilifungua atlasi yangu ya shule juu ya meza ya kukatia nguo, tukaanza: geti, mizigo, dirishani, kaskazini, kusini. Na mito na maziwa pia, maana aliyataka kwa nguvu.

"Mama, hakuna atakayekuuliza habari za ziwa."

"Nikiulizwa nimepita wapi, niseme nilikuwa nimelala? Hebu fundisha, wewe!"

Neno lililokataa kukaa kichwani alilitarizi kwa uzi mwekundu ndani ya koti lake la safari, kwenye bitana. Mwezi wa tatu wa masomo bitana ilikuwa imejaa. Sentensi ya mwisho ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote: I am going to my daughter, yaani ninakwenda kwa binti yangu. Aliikariri akikanyaga cherehani, akiosha vyombo, akisuka nywele. Roho iliniuma, sifichi. Miaka saba namtungia uzi, namkanda miguu, halafu binti ni yule aliye mbali! Nikajikaza kisabuni, nikawa namsahihisha matamshi kwa ukali usio na sababu.

Alisafiri peke yake. Kwenye uwanja wa kubadilishia ndege wakamwambia avue koti lipite kwenye mashine ya ukaguzi.

"Nikabaki nimesimama," alitusimulia mimi na wateja wake aliporudi, "maneno yangu yote yanaondoka kwenye mkanda bila mimi!"

Askari akamuuliza anakwenda wapi. Akapapasa kifuani, koti halipo. Kisha ile sentensi ndefu ikatoka yenyewe, nzima, na mito mitatu juu yake ambayo askari hakuiomba. Tulicheka, mbavu hatuna. Alifika kwa dada siku mbili kabla mtoto hajazaliwa.

Ni zamani sasa. Naikumbuka sana ile meza, na harufu ya mafuta ya cherehani, na mama akibishana nami juu ya maziwa. Siku hizi hajui ni mwaka gani. Mimi ananiita nesi, na nimezoea kuitika.

Jana asubuhi nilikuwa napanga kabati, nikalikuta koti, nikamwekea mapajani. Vidole vyake vikaingia ndani, vikatembea juu ya uzi mwekundu polepole, vikasimama. Akaniinulia macho, na kwa adabu zote za mgeni mbele ya askari, akanitamkia ile sentensi bila kukosea hata neno moja. Kisha akasubiri nimwonyeshe njia.

Nilipiga magoti, nikamshika mikono.

"Umeshafika, mama," nikamwambia. "Ni hapa."