Baada ya Maandamano, Jumanne

Kuna siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata ile tuliyoijaza barabara ya University Avenue kwa maandamano. Siku ya maandamano tulikuwa maelfu, weusi kwa weupe, tukidai haki ya mtu mweusi, hata treni ya mjini ikasimama kutupisha. Wakati huo sikuwa na mvi hata moja, nikihudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia huko kitongoji cha Eden Prairie. Nilirudi nyumbani sauti imekauka, nikiamini kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Kwenye shule ya mtaa wetu wa Frogtown, watoto weusi waliendelea kusimamishwa masomo kwa makosa ambayo wenzao weupe waliambiwa waombe radhi tu. Wazazi wakaanza kukutana kila Jumanne maktabani ili kudai kanuni ya adhabu ibadilishwe. Nilikwenda mara mbili. Ilikuwa kuandika barua na kusoma makaratasi, hakuna aliyeimba. Nikaacha, nikisingizia shifti.

Basi Jumanne moja nikakutana dukani na Mama Furaha, Mkongo aliyekuwa akisafisha maofisi. Binti yake, Furaha, alikuwa amesimamishwa wiki nzima kwa kujibizana na mwalimu. Mama hakujua Kiingereza, na mimi ndiye niliyemtafsiria katika ile mikutano miwili. Nikamweleza habari za shifti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu:

“Ile siku tulikuwa wengi, wakubwa wakaogopa. Sasa wanangoja tu tuchoke. Na wewe, mwanangu, umeshachoka.”

Aibu ile sijaisahau. Niliacha mboga zangu kaunta, nikamfuata.

Maktabani tulikuwa sita. Tulikwenda wakati wa theluji, tukaenda wakati wa joto, mwaka na zaidi. Wakubwa wa shule walituahirishia kikao baada ya kikao, nasi tukahudhuria vyote. Siku ya kura Mama Furaha alisimama mbele ya bodi ya shule, akaeleza yaliyompata bintiye, mimi nikitafsiri. Mikono ya wajumbe ikainuka mmoja mmoja. Kanuni ikabadilika! Mama hakunisubiri nimtafsirie matokeo, alishaanza kupiga vigelegele, na ukumbi mzima ukasimama.

Kwa hiyo andamana, mwanangu, tena kwa nguvu zako zote. Ila kabla hamjatawanyika, ulizaneni mtakutana lini tena, nawe uwepo, hata mkibaki sita. Haki yetu ilikwama pale tulipoikubali ile siku moja kuwa ushindi.

Mungu akujalie moyo wa kudumu, akubariki wewe na watoto utakaowapigania.