Mama wa Waliotimiza Kumi na Minane

Habari za kifo chake zilinikuta kwenye kiti cha kinyozi, upande wa Uganda wa mji wa Busia, nikiwa nimenyolewa nusu ya kichwa. Kinyozi wangu ni kijana mchangamfu asiyeweza kunyoa bila kuzungumza, na asubuhi ile alikuwa akinisimulia habari za mpira simu yake ilipolia. Alisikiliza, akaitika mara mbili tatu kwa sauti ndogo, kisha akazima mashine. "Mzee, mama wa Rubongi amekufa," aliniambia. "Na jana mimi nimeongea na yeye. Alikuwa anacheka." Aliiweka mashine mezani. Akaketi kwenye benchi la wateja, akajifunika uso kwa taulo ileile aliyokuwa amenifungia shingoni muda mfupi kabla. Sikuwa na moyo wa kumhimiza amalize. Mteja mmoja alinionea huruma akaniazima kofia, nikavuka mpaka kurudi nyumbani.

Wasomaji wa safu hii hawamjui, maana hakuwa mtu wa kuandikwa magazetini. Kwa miaka mingi alikuwa mlezi katika makao ya watoto nje kidogo ya mji wa Tororo. Pale walilelewa watoto waliofiwa na wazazi, waliokimbiwa, na waliookotwa huku kwetu mpakani ambako watu wengi huwa wanapita tu kwenda kwingine. Alipostaafu alirudi Rubongi, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe karibu na kambi ya jeshi, akalima mihogo na karanga. Kiswahili chake alikiokota kwa wake za askari. Kilikuwa cha mkato, kisichojali ngeli, na kila mtu alikielewa. Angeweza kupumzika. Lakini makao yale, kama mengi ya aina yake, yalikuwa na kanuni kwamba kijana akitimiza miaka kumi na minane anaondoka. Hupewa godoro, blanketi, sufuria na maombi, kisha lango hufunguliwa. Mama alikuwa amewasindikiza wengi hadi pale langoni. Siku moja aliniambia, akimenya muhogo, "Mimi nimezaa wawili. Wote wamepita miaka thelathini, na mpaka leo wanakuja hapa kuchukua mihogo na kulalamika. Sasa hawa wengine, nani amesema wamekua?"

Kinyozi wangu ni mmoja wa hao. Alipotoka makao alipata chumba kimoja mjini Busia, na siku ya kwanza akapika ugali. Tatizo ni kwamba maisha yake yote alikuwa ameona ugali ukipikwa kwa watoto wengi, kwa mwiko mrefu kama jembe. Kipimo cha mtu mmoja hakukijua. Alisonga unga wote aliokuwa nao, sufuria ikajaa hadi ukingoni, na akaketi mbele yake peke yake. Aliniambia kwamba alitazama ugali ule na ndipo alipoelewa kuwa hakuna mtu mwingine atakayeingia kula. Alikuwa amezoea kulala akisikia wenzake wakikohoa na kugeuka vitandani. Humo chumbani hamkuwa hata na panya. Kesho yake alifunga mlango akapanda boda hadi Rubongi, akamwambia mama kwamba amekuja kusalimia tu. Mama hakumuuliza lolote. Walirudi pamoja mchana ule, mama akaiona sufuria, akacheka hadi akashika mbavu. Kisha akakata ule ugali vipande, akagonga milango yote ya uani na kumtambulisha: "Huyu ni mtoto yangu, jirani yenu. Amepika mingi. Muonje." Ugali ulikuwa umelala na kukauka, lakini majirani walipokea. Jirani mmoja kati ya wale ndiye aliyemfundisha kushika mashine ya kunyoa.

Mimi mwenyewe nilivutwa katika mambo yake kwa sababu ya harusi. Binti mmoja aliyelelewa makao, ambaye sasa alikuwa akifundisha watoto wa chekechea huko Kirewa, alichumbiwa na kijana Msamia wa upande wa Kenya, wakala wa forodha. Wazee wa kijana walitangaza kuwa wanakuja. Mama aliniita niwe msemaji wa upande wa binti, akisema Kiswahili changu cha gazetini kitawapa heshima. Nilifika nimevaa koti. Tulikula njama ndogo na wazee wa jirani kwamba ukoo ukiulizwa, nitaje ule wa marehemu mume wa mama, mambo yaishe. Maana binti yule aliokotwa akiwa mchanga, karibu na foleni ya malori pale Malaba, amefungwa ndani ya leso. Hakuna aliyejua ni mtoto wa nani.

Wageni waliketi, wakasali, wakasifu nyumba. Kisha mzee wao, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, akauliza alilokuja kuliuliza. "Binti tumemwona na tumempenda. Sasa tuambieni ni wa ukoo gani, tusije tukamwoza kijana wetu dada yake." Halikuwa swali la kutuchokoza. Jamaa zao wako pande zote mbili za mpaka, na mila haikubali watu wa ukoo mmoja kuoana. Nilikohoa ili nianze, lakini mama, aliyekuwa ameketi mkekani na wanawake, alipiga magoti.

"Wazee, munisamehe. Hapa si pahali yangu kuongea. Lakini ukoo ya huyu mtoto hatujui. Naweza kuwapa ya bwana yangu, na nyinyi mtakubali, mtakula, mtaenda. Lakini ni uongo, na mtoto mwenyewe amekataa uongo. Asubuhi amelia kwa ajili ya hiyo."

"Kwa hiyo mnatupa mtu asiye na kwao?" mzee aliuliza. Sikusikia dharau katika sauti yake. Nilisikia hofu.

"Kwao ni hapa," mama alijibu. "Akigombana na bwana yake, anakuja hapa. Akizaa, mimi nakuja kumkanda na maji ya moto. Mkiwa na shida na yeye, mlango ndiyo hii, mumeiona."

Wazee walitoka uani kushauriana. Waliporudi walishukuru kwa ukarimu wetu, wakagusagusa chakula, wakaondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Binti alikunja mikeka mmoja mmoja, macho yake makavu. Mimi, niliyeitwa kwa ajili ya maneno, nilimsaidia kuiingiza ndani. Mama akaleta kuku aliyebaki na ugali wa wimbi, akasema, "Kaa. Hii chakula tumepika kwa ajili yako." Tukala, kila mtu akitazama sahani yake.

Wiki kadhaa zikapita kimya. Kisha mama mzazi wa kijana akavuka mpaka peke yake, bila kutumwa na wazee, na kikapu cha samaki wakavu. Akakaa Rubongi mchana kutwa, akibambua karanga na mwenyeji wake. Binti, aliyekuwa jikoni, ndiye aliyenisimulia baadaye. Wanawake wale walizungumza juu ya mvua, bei ya sabuni na maumivu ya magoti, hadi mgeni alipouliza ghafla, "Na wewe ukifa, nani atakuwa mama yake?" Mama akamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye karanga, "Kwani wewe utakuwa wapi?" Mgeni akaanza kulia, na kabla ya jua kuzama alisema atarudi na wazee. Aliwarudisha. Yule mzee mrefu alichelewa kukubali kuliko wengine, lakini alikuja, na harusi ikafungwa kanisani.

Sitaki mdhani kwamba kila aliyepita mikononi mwake alifika salama. Kuna kijana mmoja aliyeondoka na malori kuelekea Juba, baada ya kugombana na mama kwa sababu ambayo mama mwenyewe hakupenda kuitaja. Hakupiga simu tena. Mtandao wa laini ya mama ulikuwa mbovu kule Rubongi, ilibidi asimame nje karibu na choo ndipo asikike, na watoto wake walimsihi abadilishe. Alikataa. "Namba hii ndiyo anaijua," alisema. Nilipomtembelea Krismasi iliyopita, nyumba ilijaa vijana na vicheko, lakini kila lori lilipopunguza mwendo barabarani, yeye alinyamaza katikati ya sentensi. Laini ile mwanawe bado anaiweka hewani. Haijapigwa na yule anayengojwa.

Tulimzika Rubongi, nami bado nimevaa kofia ya kuazima. Wakwe kutoka Kenya walifika wakiongoza ng'ombe, kama wanavyofanya watu wanapofiwa na mkwe wao, na mzee mrefu alisimama kaburini kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote wa ukoo wa marehemu. Tangu siku ile nimekuwa nikikuta mdomo wangu umetengeneza jambo la kumweleza, kichekesho cha mpakani au malalamiko juu ya magoti yangu, kisha nakumbuka. Nimekuwa nikijiuliza pia juu ya makao yetu ya watoto. Wafadhili wananunua magodoro, serikali inazungumzia mafunzo ya kazi, na yote hayo ni mema. Lakini sisi wenye kwetu tulipoanza maisha tulikuwa na kitu kingine ambacho hatukukihesabu kwa kuwa kilikuwepo kila siku.

Juma lililopita simu yangu ililia, namba ngeni. Alikuwa msichana. "Mzee, wewe haunijui. Namba nimepewa na kinyozi. Leo nimetoka makao, niko Bulumbi, nimepata chumba." Nikamuuliza ana shida gani. "Hakuna shida. Mama alikuwa anatuambia, ukifika mahali, piga simu, sema umefika. Sasa leo nimefika, na sikujua namwambia nani."

Nilimwambia amefanya vyema kuniambia. Nikamuuliza jina lake, chumba kina dirisha upande gani, jirani zake ni watu wa namna gani. Tulipomaliza nilimwita mke wangu, nikamweleza kwamba kuna binti amefika salama Bulumbi, na Jumapili tutavuka kwenda kumwona. Kijana anaweza kupewa kila kitu cha kuanzia maisha, na bado akawa amepotea, mpaka pawe na mtu mahali fulani anayetaka kujua kama amefika.