Maswali ya Daktari kwa Baba

Juzi kwenye televisheni nilimwona daktari akimwuliza askari kijana leo ni siku gani. Kofia ya chuma ya kijana ilikuwa mezani kando yake. Nikazima televisheni.

Nilikumbuka mchana mmoja wa jua kali nyumbani kijijini Sapiwi. Chumba kizima kilinuka pamba tuliyorundika tukisubiri lori la mnunuzi binafsi. Baba alikuwa amerudi kutoka vitani, ambako bomu lilimrusha.

"Kofia ndiyo iliyomwokoa," mama aliwaambia majirani. "Kichwa ni kizima."

Daktari wa jeshi akaja, akaketi mbele ya baba na karatasi.

"Leo ni siku gani, koplo?"

Baba alimgeukia mama, kisha akatazama mlangoni. Nilisikia kalamu ikikwaruza. Shuleni kwetu aliyekosa jibu alichapwa, kwa hiyo niliamini baba akikosa watamchukua wakamfunge. Nikasimama nyuma ya daktari, nikachezesha midomo bila sauti.

"Alhamisi," baba akasema.

Akaulizwa mwezi, akaulizwa jina la kijiji. Yote nilimpa hivyo hivyo, jasho likinitiririka mgongoni. Mwishowe daktari akafunga faili.

"Yuko sawa, mama. Hana haja ya kwenda hospitali Mwanza."

Leo najua maswali yale yalikuwa mwanzo wa tiba. Siku ile nilijua tu kwamba nimemwokoa. Gari lilipoondoka nilimkimbilia, nikamshika mkono. Alinitazama kwa muda mrefu, kwa upole.

"Wewe binti," akaniuliza, "ni wa nani?"