Pedali ya Mafuta ya Mama Neema

Usiku ule nililala mapema, redio ikiwa bado inasema, kwa kuwa tangu mke wangu afariki sikuwa na mtu wa kukaa naye sebuleni. Ilikuwa imepita miezi saba. Mimi ni fundi magari hapa Moshi. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa na gari dogo la spoti, la watu wawili, la zamani kuliko ndoa yetu. Nililinunua likiwa bovu kwa mkulima mmoja wa kahawa aliyekuwa akihama, nikalifufua, nikampa. Alilipenda. Kila Jumapili baada ya ibada alilipeleka hadi Himo na kurudi, peke yake, kichwani amefunga kitambaa.

Lawama yake ilikuwa moja tu. Pedali ya mafuta ilikuwa ngumu, tena haikuwa na adabu: unakanyaga, haisikii; unaongeza nguvu, mara gari linaruka. Mwaka wa mwisho, figo zilipoanza kumsumbua na miguu ikavimba, ilimuumiza.

"Baba Neema, niangalizie ile pedali," aliniambia.

Nikasema kesho. Magari ya wateja yalijaa uani. Nilisema kesho mpaka akalazwa, na hakurudi kuendesha tena.

Siku ya arobaini, Neema, binti yetu wa pekee, alisema mbele ya ndugu, "Mama alikuomba kitu kimoja tu, Baba." Nilimwambia aondoke nyumbani kwangu. Akarudi kazini kwake Dodoma, na tukanyamaziana.

Basi usingizi ukanichukua, nikajikuta uani. Ni mchana, jua la saa tano, mlima umefunguka wote, hauna wingu. Mama Neema yumo garini, amevaa gauni lake la bluu la kwaya, mlango uko wazi, mguu wake wa kulia uko juu ya pedali, hauna kiatu. Umevimba kama ulivyokuwa wodini. Sishangai kumwona. Naona aibu tu, aibu ya fundi aliyekutwa hajagusa kazi aliyoipokea.

Nafungua boneti. Mikono inajua pa kwenda. Waya wa mafuta umekauka ndani ya ganda lake, unakwaruza; nauchomoa, naupaka mafuta, naurudisha bila kuukunja. Bushi, ile pete ya pale pedali inaposhikiliwa, imelika, inacheza, naweka mpya. Kisha naiona springi ya kurudishia, nene, ya gari la mizigo. Niliiweka mimi mwenyewe wakati nalifufua gari, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Miaka yote hiyo alikuwa akikanyaga uvivu wangu. Naitoa, nafunga nyembamba.

"Kanyaga," namwambia.

Anakanyaga. Injini inapanda polepole, inashuka polepole, inafuata mguu wake. Hatuko uani tena. Tuko barabara ya Himo, mimi nimekaa kiti cha abiria, na sikumbuki kuingia. Migomba inapita. Nautazama mguu wake: uvimbe haupo.

"Nisamehe," nasema.

Hanitazami, anatazama barabara. "Mimi sikuondoka na kinyongo na wewe," anasema. "Mwambie Neema hivyo. Anadhani ananibebea hasira yangu."

Nataka kumuuliza kama bado anaumwa, kama huko aliko yuko na watu. Lakini gari limekwisha kusimama, na kiti chake kitupu, na mimi naita jina lake la usichana, ambalo sikuwa nimelitamka kwa miaka mingi.

Niliamka uso umelowa. Kulikuwa kunapambazuka. Nilitoka na kandambili hadi kwenye gari, nikaondoa turubai, nikaingia, nikaweka mguu. Pedali ilikuwa ngumu vilevile. Nilikaa pale ndani nikalia kwa namna ambayo sikuweza kulia makaburini.

Kisha nikampigia Neema. Alichelewa kupokea.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimemwota mama yako."

Nikampa maneno ya mama yake kama yalivyokuja, sikuongeza wala kupunguza. Nikamwambia pia kwamba alichokisema siku ile mbele ya ndugu kilikuwa kweli, na kwamba nilimfukuza kwa sababu kilikuwa kweli.

Neema akauliza kwa sauti ndogo, "Alikuwa amevaa nini?"

"Gauni la bluu, lile la kwaya."

Akalia. Nilimsubiri kwenye simu mpaka akatulia. Nikamwambia, akipata nafasi, aje Jumamosi, kwa sababu kurekebisha pedali kunataka watu wawili: mmoja akanyage ndani, mwingine aangalie chini ya boneti kama kabureta inafunguka yote.

"Nitakuja," alisema. "Nitakanyaga mimi."